Faili za Kikundi Zisisomwe Njiani

Vikundi vingi siku hizi hutuma hesabu na majina ya wanachama kutoka kompyuta yao hadi seva iliyo mbali. Njia ya zamani, FTP, ilianza mwaka 1971. Shida ni kwamba neno la siri hupita wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995, baada ya wizi wa maneno ya siri chuoni kwake, Tatu Ylönen wa Finland alitengeneza SSH. SFTP hupitia humo, na yote hugeuzwa mafumbo.

Lakini angalieni! Mara ya kwanza kompyuta huonyesha kitambulisho cha seva, msururu wa herufi na tarakimu, na kuuliza kama mnakikubali. Sisi wenyewe tumezoea kubonyeza "ndiyo" haraka haraka. Mpigieni kwanza mtunza seva awasomee chake, mlinganishe. Kikibadilika siku nyingine bila taarifa, msitume kitu mpaka aeleze.