Nyani wa Al Hada haombi, wala hacheki

Ndugu zetu wa Ghulail, joto la Jeddah likizidi, familia nyingi hupanda Taif kwa barabara ya Al Hada kutafuta baridi. Huko juu, kwenye mita 2,000 hivi, mtawakuta nyani wameketi kando ya barabara. Mimi nilikulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, nikidhani nyani nawajua. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliteremsha kioo cha gari nikampa mmoja ndizi. Kabla sijakipandisha, wenzake wawili walishaingiza mikono, na mtoto wa dada yangu akakwaruzwa shavuni. Kwa hiyo, kabla hamjapanda, someni haya.

"Maskini, ana njaa." Hapana. Nyani hawa wameishi katika milima hii tangu zamani kwa majani, mbegu, matunda ya mwituni na wadudu. Anayekaa barabarani amefundishwa na sisi wasafiri kwamba gari ni chakula. Chakula cha bure huwaongeza idadi na kuwaondolea woga, ndipo huingia mashambani na majumbani. Ndiyo maana ni marufuku kuwalisha, na unaweza kutozwa faini.

"Anacheka." Nyani anayepiga miayo na kuonyesha meno marefu anakuonya. Ukimkazia macho, yeye huona unamchokoza. Tazama pembeni, rudi nyuma polepole, usikimbie.

"Yuko peke yake." Kule kwetu, kundi moja huwa na madume kadhaa na majike wengi pamoja. Hawa wa Uarabuni wana desturi nyingine: kila dume mwenye manyoya marefu ya kijivu mabegani hulinda majike wake wachache na watoto wao, na familia hizo huungana kuwa kundi kubwa. Mtoto wako akimsogelea nyani mchanga, baba yake hayuko mbali.

Basi fungeni vioo, mle ndani ya gari, na muwashike watoto mikono. Nyani akinyakua mkate, mwachie.

Akikung'ata au kukukwaruza, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kidogo. Jeraha la mnyama linaweza kuleta kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ya mapema huokoa. Usipake dawa ya nyumbani ukangoja. Kwa dharura katika mkoa wa Makka, piga 911.

Najua baadhi yenu huogopa hospitali kwa sababu ya iqama au lugha. Msikae na kidonda nyumbani kwa woga huo. Tupigieni simu, mmoja wetu atafuatana nanyi. Dada yangu naye alitaka kungoja hadi asubuhi. Tulikwenda usiku ule ule, mtoto akamaliza sindano zake zote, na leo yuko shuleni.