Kalamu Kwanza, Maneno Baadaye

Kikao kimeitishwa kutafuta ufumbuzi wa tatizo la ofisi. Mkuu wa idara anafungua, anaeleza tatizo, kisha anataja anachofikiri yeye. Msemaji wa kwanza anasema, "Naunga mkono hoja." Wa pili naye anaunga mkono. Mwishoni muhtasari unaonyesha wajumbe wamejadili na kukubaliana, ilhali kilichopita ni wazo la mtu mmoja.

Wengi hudhani dawa ya hali hiyo ni kuwaachia watu waseme lolote. Ndivyo alivyofundisha Alex Osborn, mtaalamu wa matangazo ya biashara wa New York, katika kitabu chake cha mwaka 1953, Applied Imagination: toeni mawazo mengi, msikosoane, yapokeeni hata ya ajabu, na kila mmoja aendeleze wazo la mwenzake. Aliamini mtu hubuni zaidi akiwa kundini.

Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Donald Taylor, Paul Berry na Clifford Block, waliipima imani hiyo. Walilinganisha makundi ya watu wanne waliobuni kwa pamoja, na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja tu. Waliofikiri peke yao walipata mawazo karibu mara mbili.

Sababu ilifafanuliwa mwaka 1987 na Michael Diehl na Wolfgang Stroebe nchini Ujerumani: kikwazo kikubwa ni kusubiri zamu. Mmoja anapozungumza, wengine hulishikilia wazo lao lisiwatoroke, na akili iliyoshikilia wazo moja haitungi jingine. Katika ofisi zetu ongeza heshima kwa mkubwa: akishasema, kutoa wazo tofauti huonekana kama kumpinga.

Kwa hiyo, anzeni kwa kuandika. Mjerumani Bernd Rohrbach alipendekeza mwaka 1968 utaratibu rahisi: watu 6 huandika mawazo 3 kila mmoja kwa dakika 5, kisha humpasia karatasi jirani, naye huyasoma na kuongeza yake. Karatasi zikizunguka kwa nusu saa, mnaweza kupata mawazo 108.

Chukua kituo cha afya chenye foleni ndefu ya dawa. Anayejua foleni inakwama wapi huenda ni mhudumu wa dirishani, ambaye kikaoni hukaa nyuma na kunyamaza. Karatasi humpa nafasi sawa na ya mganga mfawidhi.

Kubuni kukiisha, ndipo uamuzi uanze, msivichanganye. Kubalianeni kwanza vigezo: gharama, muda, na nani ataumia mpango ukishindwa. Kila mjumbe apange mawazo matatu bora kwa siri, kura zihesabiwe, kisha mjadala uelekee kwenye yaliyoongoza. Sababu za waliopinga nazo ziingie kwenye muhtasari, pamoja na tarehe ya kupima matokeo.

Mkuu hapotezi mamlaka yake. Uamuzi wa mwisho na dhamana yake vinabaki mikononi mwake, ila ataamua akiwa amejua wanachokijua watu wake. Naye, ili ajue, akubali kuzungumza wa mwisho.