Uji Mweupe wa Eksirei: Taabu Huanza Ukifika Nyumbani

Je, msomaji, umewahi kupewa kikombe cha uji mweupe mzito wenye ladha ya chaki, ukaambiwa uunywe huku ukipigwa eksirei? Hiyo ni bariamu. Miale ya eksirei hupenya koo na matumbo bila kuyaonyesha vyema. Bariamu huizuia, na njia nzima ya chakula ikajitokeza kwenye picha.

Wengi huogopa kwamba ni sumu. Hofu hiyo si ya bure kabisa. Bariamu kaboneti ni sumu ya kuulia panya, na mwaka 2003 huko Brazil watu kadhaa walikufa baada ya kunywa dawa ya eksirei iliyochanganyika nayo. Lakini bariamu salfeti, ile ya hospitalini, haiyeyuki majini wala haiingii katika damu. Hupita tu na kutoka.

Taabu ni pale isipotoka.

Tuseme mama amepanda matatu kutoka Kawangware hadi kliniki ya eksirei katikati ya jiji la Nairobi. Hajala tangu usiku. Anapigwa picha, anaambiwa anywe maji kwa wingi, anarudi nyumbani amechoka. Lakini maji kwake ni ya kununua kwa mtungi, na kuna watoto na nguo za kufua. Anajinyima. Utumbo nao unafyonza maji yaliyokuwa katika ule uji, unabaki mgumu kama saruji. Wazee na watu wenye mazoea ya kufunga choo ndio huumia zaidi, na mara chache hulazimu upasuaji.

Choo cheupe kwa siku mbili tatu kisikushtue. Kukosa choo kabisa huku tumbo limevimba, unatapika au una homa, hilo ni la kurudi hospitalini usiku huo huo.

Lililo nadra zaidi, na baya zaidi, ni utumbo kutoboka, hasa bariamu inapotiwa kupitia njia ya haja kubwa. Hukadiriwa kuwapata watu wachache tu katika kila 10,000. Bariamu ikimwagika ndani ya tumbo pamoja na uchafu, inaweza kuua hata baada ya upasuaji. Ndiyo sababu mgonjwa anayeshukiwa kuwa na tundu hupewa dawa nyingine, yenye ayodini. Hiyo nayo ina lake: aina zake kali zikiingia mapafuni huvuta maji, mgonjwa akashindwa kupumua. Kwa hivyo ikiwa hupaliwa hata na chai, mwambie mpiga picha kabla hujashika kikombe.