Sauti Pasipo Sura

Miongoni mwa hukumu za Mahakama Kuu ya Meru iko moja ambayo mdai wake wa kwanza hana jina, ila herufi mbili tu, C.K., zikifuatwa na mabano yanayomjulisha msomaji kwamba huyo ni mtoto. Na nyuma yake wamejipanga watoto wenzake, kila mmoja amestiriwa kwa herufi zake, wakimshitaki Kamishna wa Polisi wa Kenya kwa kutopeleleza kunajisiwa kwao. Niliifungua hukumu hiyo kwa haja nyingine kabisa, lakini herufi zile zikakataa kunitoka moyoni. Upande mmoja wa ukurasa kimesimama cheo kikubwa cha serikali kwa urefu wake wote, na upande wa pili binti ambaye haifai hata kumtaja.

Ufiche huo una sababu yake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, ambayo ndiyo iliyotumika wakati ule, ilikataza kutangaza jina la mtoto mwenye shauri mahakamani, wala kwao, wala shule yake, wala picha yake; nayo ilikataza kwa insafu, maana binti aliyenajisiwa hupatwa na dhara ya pili pindi habari zake zinapofika sokoni. Lakini sisi tuandikao magazetini tumezoea kumsifu kijana anayejitokeza na kujitaja. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu, waliojiita The Restorers, walibuni programu ya simu iitwayo i-Cut ili kuwanusuru wenzao na ukeketaji, wakaenda nayo mashindanoni Marekani, na sura zao zikaenea kila mahali, jambo walilostahiki. Basi yule ambaye sura yake ni amana isiyoruhusiwa kufunuliwa atauhutubia umma kwa chombo gani?

Mabinti wa Meru walijibu kwa miguu yao na kwa koo zao. Tarehe 11 Oktoba 2012, ulimwengu ulipokuwa ukiadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, walitoka katika Kituo cha Tumaini, makao ya hifadhi ya Ripples International, shirika lililoasisiwa na Mercy Chidi, wakashika njia ya mahakamani kwa ajili ya shauri lile, vijana na watoto wadogo pamoja, huku wakipaza mwito mmoja, "Haki yangu! Haki yangu!" Lango la mahakama likafungwa mbele yao; nao, badala ya kurudi, wakazidisha mwito wao pale pale mpaka njia ikafunguliwa. Hawakuwa na redio, wala kamera, wala kalamu ya mwandishi. Walikuwa na kundi, na ndani ya kundi hilo sauti ya aliyedhulumiwa ilichanganyika na sauti ya anayemsindikiza, hata asiweze mpita njia kusema kwa yakini huyu ndiye na huyu siye. Umma wote wa Meru uliisikia habari, na mwenye habari akabaki katika sitara yake. Mimi sijaona maripota wazima waliopata kuutatua mushkili huo kwa ustadi wa namna hiyo.

Hata hivyo nafsi yangu haijatulia. Katika mji ambao watu wanajuana kwa ukoo na kwa kanisa, je, hakuna macho yaliyomtambua mmoja wao barabarani siku ile?

Habari za nyuma zinajulikana. Mwaka 2010 Mercy Chidi alikutana nchini Kanada na mwanasheria Fiona Sampson, na hapo ndipo shauri lilipoanza kupangwa; kutokana na idadi ya mabinti waliokuwa wamepokelewa kituoni likaitwa shauri la wasichana 160. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka kumi na mmoja au chini yake. Kilichokosekana ni polisi wa kupeleleza.

Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau akatoa hukumu, na tangu hapo sauti inayotawala ni yake. Hakuridhika kusema kwamba polisi wamefanya ajizi. Alisema kwamba uzembe wao hauna udhuru wala sababu, na kwamba umewadhuru mabinti wale dhara kubwa. Kisha akasonga mbele mpaka pale ambapo majaji wengi wangesita, akaeleza kwamba mkosaji anapojua hatakamatwa wala kushitakiwa hutenda uovu wake bila hofu, na kwa hiyo polisi, kwa kulegea kwao, wanabeba dhima ya madhara yaliyotendwa na mikono ya wengine. Hatimaye akawaamuru wafanye upelelezi wa haraka, wa dhati na wa kitaalamu. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara huisikia ile sauti ya langoni ikiwa imevikwa joho la jaji.

Meru hii si mara yake ya kwanza kushtushwa na mabinti zake. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, ilipopiga marufuku ukeketaji pasipo kuwauliza, wasichana walikeketana wao kwa wao ili kuupinga uamuzi huo, ujumbe mchungu ulioandikwa mwilini mwao.

Leo redio ya Muuga FM inasema Kimeru na ile ya Wimwaro FM inasema na watu wa Embu, na wakubwa hupiga simu wakatoa maoni kuhusu watoto. Hukumu ya Makau inamlinda msichana wa Runyenjes kule Embu sawasawa na wa Maua kule Meru. Lakini ni nani ameisoma kwa lugha ya mama yake? Na C.K., ambaye miaka imekwisha kumvusha utoto, akitaka kuisimulia hadithi yake kwa jina lake kamili, au akitaka isitajwe tena abadani, ni nani atakayemwuliza, na atamwulizaje bila ya kumfichua?