Karanga zilipomkataa binti yangu, nilimnyima hadi maziwa

Jumapili moja mwishoni mwa kiangazi tulikwenda Uyui kumsalimia mama mkwe. Alikuwa amepika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa juani, akayaunga kwa karanga za kutwanga. Binti yangu, wakati huo ana miaka mitatu, alimega matonge matano au sita. Kabla hatujanawa mikono, mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba. Vipele vikubwa kama vya kung'atwa na mbu vikamtapakaa shingoni na tumboni. Akatapika, kisha akaanza kukohoa kikohozi kikavu.

"Mayu, mtoto kaumwa na mdudu," alisema mama mkwe, na sote tukaanza kukung'uta mkeka kutafuta mdudu. Wakati tunakung'uta, kifua cha mtoto kilianza kulia kama filimbi. Tukampakia kwenye bodaboda hadi zahanati. Mganga alimchoma sindano ya adrenalini pajani, na baada ya muda mfupi pumzi ikatulia. Ndipo akauliza mtoto kala nini. Nikajibu nsansa. Akauliza nsansa imeungwa na nini.

Mtoto huyo alikuwa ameshakula karanga mara nyingi, kwenye kisamvu, kwenye mlenda, hata kashata. Sikujua kwamba mzio, au aleji kama wengi tunavyoita, unaweza kuzuka kwa chakula ambacho mtu amekizoea. Kinga ya mwili hukosea, ikakiona chakula kama adui na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Safari inayofuata chakula kikiingia, mwili unapigana. Unaweza kuanza utotoni au ukubwani.

Lakini sikuja kuandika juu ya siku ile. Nataka kuandika juu ya miezi minane iliyofuata, ambayo kosa lilikuwa langu.

Niliondoa karanga, sawa. Wiki mbili baadaye mtoto akatoka vipele siku moja baada ya kula yai, nikaondoa mayai. Jirani akanitumia ujumbe kwenye simu kwamba samaki ni hatari kwa watoto wenye aleji. Dagaa na migebuka inayotujia kwa treni kutoka Kigoma vikatoka mezani. Maharage nikayaondoa kwa sababu ni jamii moja na karanga. Maziwa yalimuunguruma tumboni, nayo yakaenda. Uji wa lishe nao, kwa kuwa una soya. Mwisho mtoto alibaki na ugali, wali, mchicha, ndizi na chai ya rangi, na mimi nikijiona mama mwangalifu kuliko wote mtaani Ipuli.

Kliniki, muuguzi alichukua kadi akafuata mstari wa uzito kwa kalamu. Ulikuwa umelala kwa miezi mitatu, kisha ukaanza kushuka. Akaniuliza swali moja tu: "Nani alikwambia asile maziwa?"

Hakuna aliyeniambia.

Taifa hili bado linapambana na udumavu. Utafiti wa afya ya jamii wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kumwondolea mtoto mayai, dagaa, maharage na maziwa kwa pamoja, katika nyumba ambayo nyama huliwa mara moja kwa wiki, ni kumwondolea protini nyingi.

Daktari aliyetusaidia alianza na maswali. Dalili zilianza baada ya dakika ngapi? Mzio wa kweli wa vyakula vingi huonekana ndani ya dakika chache hadi saa mbili: midomo kuvimba, vipele vinavyowasha, kutapika, kukohoa, kulegea. Vipele vya siku ya pili baada ya yai havikuendana na hilo, na mtoto alikuwa na mafua siku zile. Mafua peke yake hutoa vipele. Tumbo kuunguruma kwa maziwa mara nyingi si mzio, ni mwili kushindwa kusaga sukari ya maziwa. Inasumbua ila haiui, na wengi wenye hali hiyo wanavumilia vizuri maziwa ya mgando. Na kuwa na mzio wa karanga hakumaanishi kuwa na mzio wa maharage. Wengi wenye mzio huo wanakula mikunde mingine bila shida.

Nilitaka apimwe damu kwa kila kitu. Akanikatalia, na sababu yake imenikaa. Kipimo kinaonyesha kingamwili, hakionyeshi ugonjwa. Kuna utafiti wa watoto wa shule nchini Ghana, uliochapishwa mwaka 2013, ambao ulikuta watoto wengi wana kingamwili dhidi ya karanga huku wanakula karanga bila tatizo lolote. Watafiti waliona uhusiano na kichocho. Kwetu huku kichocho si kigeni. Ningepima vyakula ishirini, ningerudi nyumbani na majibu ya kunitisha na sufuria tupu.

Badala yake alinipa kazi ya daftari. Vyakula ambavyo niliviondoa bila dalili ya maana virudi nyumbani kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo, asubuhi, mtoto akiwa mzima, na siku tatu zipite kabla ya kingine. Yai alitaka tulianzie hospitalini, kwa tahadhari. Hakuvimba. Dagaa, hakuvimba. Maharage, maziwa, hivyo hivyo. Uji wa lishe nilianza kuusaga mwenyewe, mahindi na ulezi tu kwanza, maana huu wa dukani wenye nafaka na mikunde saba, mtoto akidhurika, utamlaumu nani?

Kilichobaki ni karanga, na karanga Unyamwezini ni shughuli. Zimo kwenye kisamvu, kwenye mlenda, na ukienda msibani hujui sufuria ipi imeungwa. Nilijifariji kwa historia: karanga zilitoka Amerika ya Kusini, kama muhogo, kwa hiyo kuna mabibi wa zamani sana waliopika nchi hii bila hizo. Njia ya misafara iliyopita hapa kwenda Ujiji ilinipa jibu la kisamvu pia. Mawese ya Kigoma yanaunga kisamvu vizuri mno, na yana vitamini A. Mlenda nauunga kwa maziwa. Ufuta niliusubirisha mpaka daktari aliporuhusu, kwani nao una watu wake unaowadhuru, na njugumawe vilevile.

Mzazi mwenzangu, kuhusu siku ya hatari niseme wazi. Mtoto akivimba mdomo tu au akitoka vipele tu, dawa ya mzio kama piritoni husaidia huku ukimwangalia. Akikohoa, akikoroma, sauti ikibadilika, akitapika mfululizo au akilegea, piritoni haiokoi pumzi. Anahitaji adrenalini kwenye paja, haraka. Ile sindano ya kujichoma ambayo wazazi wa Ulaya hubeba mkobani sijaipata kwenye maduka ya dawa niliyouliza hapa mjini, kwa hiyo nimejua mapema ni kituo kipi cha afya kina adrenalini usiku. Aliyelegea alazwe, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida akae. Kwa sababu hiyo bajaji ni bora kuliko bodaboda, ambayo sisi tulimbana mtoto wima katikati yetu.

Sasa nina mtoto wa pili, wa kiume. Silika yangu ilikuwa kumficha karanga mpaka aanze shule. Huo ndio uliokuwa hata ushauri wa madaktari wa nchi kubwa miaka ya 2000. Kisha ukaja utafiti wa London uliochapishwa 2015, wa watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa. Waliokula karanga mapema, 3 tu katika 100 walikuwa na mzio wa karanga walipofika miaka mitano, walioziepuka, 17. Kwa ushauri wa daktari, wangu alianza kabla ya mwaka, karanga zilizosagwa laini kwenye uji, kamwe si nzima, kwani nzima hupalia. Anakula na anafurahi. Anazila kwa bibi yake, dada yake asipokuwepo, na ananawishwa mikono na uso kwa sabuni kabla hajamgusa.

Binti yangu ameanza shule ya awali, na getini kuna mama anayeuza kashata. Nilikwenda kumwona kabla ya kumwona mwalimu. Mstari wa kadi umerudi kwenye kijani. Daktari anasema mtoto mmoja hivi kati ya watano huachana na mzio wa karanga, na tutarudi kumpima akifika miaka sita.

Mama mkwe sasa ana vinu viwili. Kile cha mjukuu wake amekichora alama ya mkaa ubavuni, na hamwazimi mtu.