Mama Watatu katika Albamu Moja

Albamu ya Dolly Parton iitwayo Coat of Many Colors, iliyotolewa na kampuni ya RCA Victor mwaka 1971, imefunikwa na wimbo wake wa kwanza. Wimbo huo, ambao ndio ulioipa albamu jina na kufika nafasi ya 4 kwenye chati ya kantri ya Marekani, unamweleza mama maskini anayemshonea bintiye koti kwa vipande vya nguo, huku akimsimulia habari za Yusufu wa kwenye Biblia na kanzu yake. Mtoto analivaa kwa fahari, lakini shuleni wenzake wanamcheka. Kwa ajili ya wimbo huo, mashabiki wengi, hata wale wa Kenya ambako muziki wa kantri unapendwa sana, huichukulia albamu nzima kuwa utenzi wa kumsifu mama na maisha ya kijijini. Naona sifa hiyo inaipunja. Ukizisikiliza nyimbo kwa mpangilio wake, unakutana na mtunzi anayewatazama watu wake wa karibu kwa jicho kali, asimpendelee yeyote.

Ushahidi unaanza mara tu wimbo wa koti unapokwisha. Wimbo wa pili, Traveling Man, una mama na binti pia. Binti anapendana kwa siri na mwanamume wa kupita njia, na mwishowe anayeondoka na mwanamume huyo ni mama mwenyewe. Wimbo unakwenda mbio, karibu wa kuchezeka, na hapo ndipo ukali wake ulipo: usaliti mzito umewekewa mdundo wa furaha. Mtu aliyetaka kuuza picha ya mama mtakatifu asingethubutu kuziweka nyimbo hizi mbili bega kwa bega.

Wako watakaosema kwamba wimbo wa koti wenyewe unaupamba umaskini, kana kwamba upendo unatosha kumkinga mtoto na baridi. Hoja hiyo ni nzito, kwa sababu Parton, aliyezaliwa mwaka 1946 katika milima ya Tennessee, wa nne kati ya watoto 12, alishakuwa nyota alipourekodi. Lakini fuatilia kisa hadi mwisho. Mtoto anawaeleza wenzake thamani ya koti lake, nao hawaelewi. Hakuna mwalimu anayeingilia kati wala mchekaji anayetubu. Fahari ya mtoto imebaki moyoni mwake peke yake, na dhihaka imebaki vilevile. Umaskini uliopambwa ungempa ushindi, huu umemnyima. Muziki nao haumbembelezi msikilizaji: gitaa linatangulia taratibu, na sauti inasimulia tu.

Pingamizi la pili linahusu umiliki. Nyimbo 3 kati ya 10 zilitungwa na Porter Wagoner, mwenye kipindi cha televisheni kilichomtangaza Parton tangu mwaka 1967, naye alikuwa na sauti kubwa katika kazi zake. Je, tunaweza kuiita albamu hii ya mwandishi mmoja? Nyimbo 7 zilizobaki ni za Parton, na wimbo wa koti aliuandika safarini ndani ya basi, kwenye risiti ya dobi aliyefua suti za Wagoner. Kivuli cha bosi kilikuwa juu yake, ila maneno yalikuwa yake. Kati ya nyimbo za Wagoner, The Mystery of the Mystery ningeuondoa bila kusita. Unauliza maswali makubwa kwa lugha nyepesi mno. If I Lose My Mind nisingeugusa. Humo mwanamke aliyedhalilishwa na mpenzi wake anarudi kwa mama yake kutafuta pa kujistiri, na kwa mdomo wa Parton anapatikana mama wa tatu: si mshonaji wala msaliti, bali mlango pekee uliobaki wazi.