Picha Pacha za Klondike: Nani Aliyebeba Mzigo?



Safari hii tunakwenda mbali, mpaka kaskazini mwa Kanada penye barafu, kutazama picha za wachimba dhahabu zilizopigwa mwishoni mwa karne ya 19. Picha hizo si za kawaida. Ni picha pacha, na zinatufundisha jambo juu ya kazi ya mikono na faida yake.

Kwanza tueleze picha pacha ni nini. Mwanadamu ana macho mawili, na kutoka jicho moja hadi la pili ni kama sentimeta 6 na nusu. Kwa hiyo kila jicho huona kitu kwa upande wake. Nyosha kidole mbele ya uso, fumba jicho la kushoto, kisha fumbua hilo ufumbe la kulia: kidole kitaonekana kama kimehama. Ubongo huunganisha maono hayo mawili, na hapo ndipo tunapotambua vizuri kipi kipo karibu na kipi kipo mbali.

Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838, akaonyesha chombo cha kulithibitisha, kiitwacho stereoskopu. Baadaye wapiga picha wakatumia kamera yenye lenzi mbili zilizotengana kama macho yetu. Picha mbili zilipigwa kwa pamoja, zikabandikwa bega kwa bega juu ya kadi nene yenye urefu wa kama sentimeta 18. Mtu akiitia kadi hiyo katika chombo, kila jicho huona picha yake tu. Mara mlima unasimama, bonde linazama, na mtu anajitenga na ukuta ulio nyuma yake. Kabla ya sinema na redio kuenea, watu wengi wa Ulaya na Marekani waliijua dunia kwa njia hiyo, wakiwa wameketi sebuleni.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Mwezi wa Agosti 1896, dhahabu ilipatikana katika kijito cha Bonanza, karibu na mto Klondike, katika eneo la Yukon. Waliohusika ni Mmarekani George Carmack, mkewe Kate, ndugu yake Kate aliyeitwa Keish au Skookum Jim, na Dawson Charlie. Watatu hawa wa mwisho walikuwa wenyeji wa nchi ile. Habari zilipofika San Francisco na Seattle mwezi wa Julai 1897, watu waliacha kazi zao kwa maelfu. Yakadiriwa kwamba watu 100,000 walianza safari, lakini waliofika hawakuzidi 40,000.

Njia iliyopigwa picha sana ni ya mlima Chilkoot. Polisi wa Kanada walikaa kileleni, na hawakumruhusu mtu kupita bila chakula cha mwaka mzima. Chakula hicho pamoja na vifaa vilifikia karibu tani moja. Mtu mmoja hawezi kubeba tani, basi akapanda na kushuka mara 30 au zaidi, akichukua kidogo kidogo. Sehemu ya mwisho ilikuwa na ngazi zilizochongwa katika barafu. Tarehe 3 Aprili 1898 theluji iliporomoka katika njia hiyo, ikaua watu zaidi ya 60.

Katika picha ya kawaida, watu hao wanaonekana kama mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe. Katika picha pacha ni kitu kingine. Twaona jinsi mteremko ulivyo mkali, jinsi mgongo ulivyopinda, na nafasi ndogo iliyopo kati ya mtu na anayemfuata. Mzigo unaonekana kuwa mzigo kweli.

Lakini nani aliyebeba? Wengi walijibebea wenyewe. Waliokuwa na fedha waliajiri wachukuzi, hasa watu wa kabila la Tlingit, ambao njia hiyo ilikuwa yao ya biashara tangu zamani. Waume kwa wake walibeba, hata watoto. Wachukuzi hao waliijua thamani ya kazi yao: wateja walipozidi, nao walipandisha bei. Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1898 makampuni yalifunga kamba za kuvutia mizigo hadi kileleni, na mwaka 1900 reli iliyopita mlima wa jirani ilikamilika. Kazi ya mgongo ikakosa soko.

Huko machimboni nako kulikuwa na jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Vitalu vyenye dhahabu nyingi vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa kabla umati haujafika. Waliokuja kuwa matajiri wakawa vibarua. Ardhi iliganda mwaka mzima, hivyo iliwapasa kuwasha moto ili iyeyuke, kuchimba kidogo, kisha kuwasha tena. Udongo ulirundikwa majira yote ya baridi, ukaoshwa maji yalipoanza kutiririka. Mshahara ulikuwa kama dola 15 kwa siku, fedha nyingi sana kwa wakati ule, lakini bei za mji wa Dawson ziliimeza upesi.

Waliofaidi kwa uhakika zaidi ni wenye maduka, wenye vyombo vya usafiri, na pia wauza picha. Kampuni kama Keystone View Company, iliyoanzishwa Pennsylvania mwaka 1892, ziliuza kadi hizo kwa wingi. Kwa mnunuzi, jasho la mchukuzi lilikuwa burudani ya jioni. Maneno yaliyochapwa kwenye kadi kwa kawaida yanataja mlima, kijito au mgodi. Mbeba mzigo hatajwi jina.

Yapo pia yaliyobaki nje ya kadi. Watu wa Tr'ondëk Hwëch'in, wenyeji wa mahali pale, walipoteza kambi yao ya kuvulia samaki mto ulipojaa wageni. Chifu Isaac aliwahamishia watu wake Moosehide, kilometa chache kutoka Dawson. Mwaka 2023 UNESCO iliweka sehemu hizo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na historia ya wenyeji hao ndiyo iliyopewa uzito.

Kwa hiyo, ndugu, tukiona picha ya watu wakiwa kazini, ya zamani au ya leo, tusiishie kusifu uzuri wake. Tuulize: mzigo huu ni wa nani, aliyeubeba alilipwa nini, na kwa nini jina lake halikuandikwa? Stereoskopu inatuonyesha kina cha bonde. Maswali hayo inatupasa tuyaulize sisi wenyewe.